Nyimbo nyepesi si nyimbo za bure: shauri kwa korali za parokia zetu



Siku moja ya sikukuu tulikuwa katika parokia moja ya Likasi. Kanisa lilijaa mupaka mulangoni, na watu wengine walisimama inje karibu na madirisha. Korali ilivaa nguo za rangi moja. Kwa miezi miwili walikuwa wakijifunza wimbo mukubwa wa Ulaya, wimbo wa sauti ine, na kila mutu alingoja kwa hamu. Wakauanza. Wasoprano walipanda mupaka sauti zikapasuka. Watenori, waliokuwa watatu tu, walipotea njia katikati. Wabasi walingojeana, hakuna aliyetaka kuingia wa kwanza. Waamini wakanyamaza na kuangalia chini, sawa watu wanaoona mutoto wa jirani akianguka mbele ya wageni.

Kiisha baraka, korali ilipokuwa ikikunja makaratasi yake, mama muzee mumoja akaanzisha wimbo wa Bikira Maria, wimbo mufupi ambao kila mutu alijifunza zamani katika katekisimu. Kanisa lote likamuitikia. Sauti ya pili ikaja yenyewe, na ya tatu chini yake, bila karatasi, bila mutu wa kuhesabu kwa mukono. Waimbaji wa korali nao wakaimba, na mara hii waliimba vizuri sana.

Toka siku ile tumejiuliza: korali yenye watu wasiolipwa, na wengi wao hawasomi noti, iimbe nyimbo gani? Katika kurasa hizi tunataka kueleza sababu gani nyimbo nyepesi, zile ambazo watu wengi wanaweza kuzishika, zinafaa korali za namna hii. Neno "nyepesi" lina maana gani. Na mwongozi wa korali achague namna gani. Tunaandika zaidi kwa ajili ya wafratri wetu. Maana siku watakapotumwa katika parokia, mara nyingi neno la kwanza la padri mukubwa litakuwa hili: chukua korali.

1. Korali zetu ni watu gani?

Kuna korali za Ulaya ambazo waimbaji wake wanalipwa. Kuimba ndiyo kazi yao. Wanaimba asubui na mangaribi, na wamesoma noti toka utoto. Kwetu si vile. Katika mitaa ya Likasi, toka Kikula mupaka Panda na Shituru, mwimbaji ni mufanyakazi wa kiwanda, ao mwalimu, ao mama mwenye kuuza sokoni, ao munafunzi, ao kijana anayetafuta kazi. Anakuja kwenye mazoezi mangaribi, kiisha kazi, mara ingine hajakula. Siku ingine umeme unakosekana, na watu ishirini wanaimba mbele ya taa moja. Wengi wanashika wimbo kwa sikio. Ogani hakuna, ao ikiwa iko, hakuna mutu wa kuipiga.

Tuhesabu pamoja. Tuseme korali inakutana mara mbili kwa posho, kila mara saa moja na nusu. Ni saa tatu, ni kusema dakika 180. Misa ya siku ya Mungu inaomba nyimbo karibu 10: mwanzo, Bwana utuhurumie, Utukufu, zaburi, Aleluya, matoleo, Mutakatifu, Mwana-Kondoo, komunyo na shukrani. Kama zote ni mupya, kila wimbo unapata dakika 18. Na kama wimbo ni wa sauti ine, kila sauti inapata dakika ine na nusu tu za kufundishwa. Nani anaweza kujifunza vizuri kwa dakika ine na nusu? Kwa hiyo mwongozi mwenye akili anaingiza wimbo mumoja mupya kwa posho, si zaidi, na anachagua wimbo wa kushikwa upesi. Huo si uvivu. Ni hesabu.

Kuna hesabu ya pili, ile ya watu. Tuseme korali ni watu 20: wasoprano 9, waalto 6, wabasi 3, na watenori 2. Kama mutenori mumoja ni mugonjwa, na wa pili amekwenda Kolwezi kutafuta kazi, wimbo wa sauti ine umekufa siku ile. Lakini wimbo wa sauti mbili, moja ya wanawake na moja ya wanaume, unaendelea hata wakikosa watu watano. Wimbo unaosimama siku waimbaji wamepunguka, huo ndio unaofaa parokia.

2. Neno "nyepesi" lina maana gani?

Tusichanganye vitu. Wimbo mwepesi si wimbo wa kitoto, wala wimbo uliotungwa upesi upesi. Ni wimbo uliopimwa vizuri kwa watu wenye kuuimba. Tunautambua kwa alama ine.

Alama ya kwanza ni urefu wa sauti, toka noti ya chini mupaka noti ya juu. Mutu asiyefundishwa anaimba bila shida toka do ya chini mupaka re ya juu, ni kusema noti tisa. Ukimupandisha kupita pale, anaanza kulalamika kwa sauti, haimbi tena. Mutungaji mwema anakaa ndani ya zile noti tisa, na anaigusa ya juu mara moja ao mara mbili tu, pale ambapo neno lenyewe linaomba nguvu.

Alama ya pili ni pumzi. Kila kipande cha wimbo kiishe kwa pumzi moja, na pale pa kupumua pawe pale ambapo maana ya neno inapumzika. Wimbo wenye kumukatia mutu pumzi katikati ya jina la Mungu ni wimbo mubaya, hata kama ni wa mutungaji mwenye sifa.

Alama ya tatu ni kuanzisha na kuitikia. Mutu mumoja anatoa neno, wote wanajibu. Ndivyo wazee wetu walivyopiga makasia, walivyotwanga, walivyolima shamba la pamoja, walivyolia wafu wao. Faida yake ni kubwa: yule mwanzishaji anaweza kuwa na maneno mengi na sauti yenye ufundi, na wale wengine wana kipande kifupi tu cha kushika. Mwenye kujua kusoma na asiyejua kusoma wanaimba pamoja, na hakuna anayepata haya.

Alama ya ine ni namna sauti zinavyopatana. Katika nyimbo nyepesi sauti ya pili inatembea kando ya sauti ya kwanza sawa ndugu wawili njiani: ya kwanza ikiwa mi, ya pili ni do, ya kwanza ikiwa fa, ya pili ni re. Watu wengi wa inchi yetu wanafanya vile papo hapo, bila kufundishwa. Mwongozi anayejua jambo hili ana nusu ya kazi yake imekwisha kufanyika.

Hata hivi, mutu asifikiri kwamba muziki wa watu wote hauna ufundi. Likasi yenyewe ina mufano wake. Mwaka 1952, wakati muji huu ulikuwa ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey, mutu aliyekusanya muziki wa Afrika katika mashini ya kushika sauti, alimukuta hapa kijana mupigaji wa gitari, Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" ulikwenda mbali sana, na wapigaji wa gitari wa inchi nyingi walijifunza kwake. Kila mutu aliweza kuunung'unika njiani. Lakini vidole vyake kwenye nyuzi, wachache waliweza kuviiga. Ule si wimbo wa Kanisa. Tunautaja kwa sababu unaonyesha wazi kwamba wimbo unaweza kuwa mwepesi kwa yule anayeusikia, na nyuma yake kuwe kazi kubwa.

3. Eklezya inafundisha nini?

Wengine wanafikiri kwamba nyimbo za watu ni jambo la kuvumilia tu, na kwamba Eklezya inapenda zaidi nyimbo kubwa. Tuangalie maandiko yenyewe.

Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio X alitoa barua yake juu ya muziki mutakatifu. Aliweka wimbo wa Gregori kuwa kipimo cha kwanza. Lakini alitaka vilevile urudishwe mudomoni mwa waamini, ili washiriki zaidi katika sala ya Eklezya. Tukumbuke kwamba wimbo wa Gregori wenyewe ni wa sauti moja, bila chombo. Na vipande vyake vingi, sawa majibu na litania, ni vyepesi kabisa. Tarehe 25 Desemba 1955 Papa Pio XII, katika barua yake Musicae sacrae disciplina, alisifu nyimbo za watu wote katika luga zao, na aliwashauri wamisionari wazitumie kwa bidii.

Kiisha ikaja Konsili ya Vatikano ya pili. Katika andiko lake juu ya liturjia, la tarehe 4 Desemba 1963, Konsili inaamuru mambo mawili yanayokwenda pamoja. Hazina ya muziki wa zamani ilindwe na korali zisaidiwe; lakini wachungaji waangalie pia kwamba waamini wote waweze kuimba sehemu yao. Andiko lilelile linaomba muziki wa mataifa uheshimiwe katika inchi za misioni. Tena linawaambia watungaji kwamba wasitunge kwa ajili ya korali kubwa peke yake, watunge vilevile kwa ajili ya korali ndogo na kwa ajili ya mukutano wote. Wafratri wetu wasome namba 112 mupaka 121. Ni kurasa chache.

Na mwaka 1967, tarehe 5 Machi, maagizo yanayoitwa Musicam sacram yalieleza zaidi. Pale tunaambiwa kwamba katika kuchagua nyimbo, inapasa kuangalia nguvu za wale watakaoziimba. Tunaambiwa vilevile kwamba si vema korali iimbe kila kitu peke yake na kuwaacha waamini bila neno. Kwa hiyo mwongozi anayechagua wimbo kwa kipimo cha watu wake hapunguzi heshima ya liturjia. Anaitii Eklezya.

4. Mifano ya Katanga yetu

Hatuna lazima ya kutafuta mbali. Mwaka 1937, katika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Mubenedikto Dom Anschaire Lamoral alianzisha korali ya vijana iliyoitwa kwa Kifaransa Chanteurs à la Croix de Cuivre, ni kusema Waimbaji wa Musalaba wa Shaba. Jina lilifaa: musalaba mudogo wa shaba ulikuwa feza ya wazee wetu wa Katanga mbele ya Wazungu kufika. Katika korali ile alifanya kazi Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufa mwaka 1961. Kiwele alijua sana muziki wa Ulaya. Alipiga ogani, alifundisha muziki, na aliweza kuandika sawa watu wa Ulaya wanavyoandika. Lakini alipotunga Missa Katanga, aliweka maneno ya Kilatini juu ya sauti zenye kutoka katika muziki wa kwetu. Hakufanya vile kwa kukosa elimu. Alifanya vile kwa sababu ya elimu.

Mufano wa pili ni wa Kamina. Padri Mufransisko Guido Haazen alifika kule mwaka 1953. Alikusanya watoto karibu 45 na walimu wa masomo karibu 15, wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Katika mwaka 1958 waliimba misa yao, Missa Luba, katika misioni ya Kamina. Na katika mwaka uleule walikwenda Ulaya, wakaimba katika Maonyesho makubwa ya Bruxelles. Sahani yao ikasikiwa katika dunia nzima.

Watu wengi wanajua sahani ile, lakini ni wachache wanaojua namna misa ile ilivyozaliwa. Haikuandikwa kwanza kwenye karatasi. Waimbaji walichukua namna za kuimba walizozijua toka utoto: Kyrie, kwa mufano, inafwata kasala, ile namna ya Waluba ya kuimba katika kilio. Mutu mumoja anaanzisha, wote wanaitikia, na katika kuimba wanatafuta wenyewe sauti zinazopatana. Kipande kisichokaa mudomoni kilianguka chenyewe, kilichokaa kilibaki.

Hatusemi kwamba kila korali ya parokia iimbe Missa Luba sawa vile inavyosikiwa kwenye sahani. Wale watoto walizoezwa sana, na yule mwanzishaji wake alikuwa na sauti isiyopatikana kila mahali. Tunasema kwamba korali inaweza kuiga njia yake: anza na kile ambacho watu wako wanakijua tayari, na kiweke mbele ya Mungu kwa heshima.

Wengine katika Afrika walifikiri vilevile. Padri Stephen Mbunga wa Tanzania alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Eklezya na muziki wa Wabantu. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga kazi kubwa ya kuimba juu ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Na kwetu, mwaka 1988, Roma ilikubali Kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, ambamo waamini wanajibizana na padri mara nyingi kuliko katika misa ya zamani. Misa ya namna ile haiwezi kusimama kama korali inaimba na watu wananyamaza.

5. Neno na sauti yake

Kuna sababu ingine ambayo waongozi wengi wanaisahau. Wimbo unabeba neno. Kama sauti inavunja neno, wimbo umeshindwa kazi yake.

Katika Kiswahili nguvu ya neno inaanguka karibu kila mara kwenye silabi ya pili toka mwisho. Tunasema Mungu kwa kukaza "Mu", si "ngu". Tunasema utuhurumie kwa kukaza "mi", si "e". Kifaransa si vile: nguvu yake inaanguka mwishoni. Basi, mutu akichukua wimbo wa Kifaransa na kubandika juu yake maneno ya Kiswahili, mara nyingi pigo kubwa linaanguka pabaya, na neno linatoka kilema. Mutu aliyelizoea hasikii tena kilema kile. Lakini mutoto anayelisikia mara ya kwanza halishiki.

Katika Kiluba na Kibemba na luga zingine za kwetu jambo ni gumu zaidi, maana kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Ukilipandisha neno pale ambapo lingeshuka, linaweza kugeuka neno lingine, na watu wazee wanatazamana. Wimbo uliozaliwa ndani ya luga hauna shida hii, kwa sababu sauti yake ilitoka katika kusema. Ndiyo sababu unashikwa upesi: mutu akijua neno, amekwisha kujua nusu ya sauti.

6. Majibu kwa wale wasiokubali

Wengine wanasema: "Tukiimba nyepesi, korali ya parokia ingine itatucheka." Tunajibu: wimbo mwepesi ulioimbwa safi unasikiwa vizuri kuliko wimbo mugumu ulioimbwa vibaya. Tena korali haikuwekwa ili ishindane na korali ingine. Iliwekwa ili isaidie watu kusali.

Wengine wanasema: "Vijana watachoka, wanapenda vitu vigumu." Kuna ukweli ndani ya neno hilo, na hatutaki kuuficha. Kijana mwenye nguvu apewe kazi ya kupimana na nguvu yake. Lakini wimbo mwepesi una kazi nyingi ndani yake: kuimba polepole bila kushusha sauti, kuimba chini bila kulegea, kutamka kila silabi, kusikiliza jirani. Mwongozi ajaribu jambo hili: wimbo wa sauti mbili tu, bila chombo, mistari mitatu, na mwishoni apime kama wamebaki kwenye noti ileile walipoanzia. Atakuta kwamba wamekwisha kupata kazi ya mwezi muzima. Korali iliyojifunza vile itapanda ngazi yenyewe, na siku moja itafika kwenye sauti ine bila kupasuka.

Kwa hiyo hatufukuzi nyimbo kubwa. Ziwe mara moja ao mbili kwa mwaka, na zianzwe mapema. Ila tukumbuke zilitungwa kwa ajili ya nani. Ile Aleluya ya Handel ambayo korali zetu zinaipenda sana ilisikiwa mara ya kwanza katika Dublin mwaka 1742. Iliimbwa na waimbaji wa makanisa makubwa mawili ya muji ule, watu wenye kuimba kwa kazi, pamoja na vyombo, tarumbeta na ngoma zake. Hata Handel mwenyewe hakumuomba mufanyakazi aliyetoka kiwandani aiimbe bila chombo mangaribi ya siku ya tano.

Mwishoni kuna wale wanaosema: "Kama mutafuta nyimbo za watu, basi tulete nyimbo za bar na kugeuza maneno." Hapana. Hapa ndipo nyepesi na ovyo zinapoachana. Wimbo wa bar unaleta pamoja naye pahali pake. Mutu akiusikia, anakumbuka chupa na dansi, hata ukiweka jina la Yezu juu yake. Wimbo wa Kanisa upimwe kwa kitu kimoja: ukiisha, mutu abaki na neno la sala mudomoni. Kama anabaki na mwendo wa miguu tu, wimbo haukufaa pale.

7. Mwongozi achague namna gani?

Mbele ya kuingiza wimbo mupya, mwongozi ajiulize maulizo sita haya, bila haraka:

Moja: noti ya juu kabisa ni gani, na nani katika korali yangu anaifikia bila kulalamika?

Mbili: kama watu watano wanakosa, wimbo utasimama?

Tatu: waamini wana kipande chao ndani yake, na wanaweza kukishika wakikisikia mara mbili?

Ine: nguvu ya sauti inaanguka pahali pa nguvu ya neno?

Tano: wimbo unafaa saa yake katika misa na siku yake katika mwaka wa Eklezya?

Sita: nikiufundisha bila karatasi, utaingia?

Ulizo hili la mwisho linaomba maelezo. Kusoma noti ni jambo zuri, na tunawaomba waongozi wafundishe solfeji kidogo kidogo, dakika 10 katika kila mazoezi. Lakini karatasi isiwe mulango unaofungiwa maskini. Tumeona korali ambamo mama wenye sauti nzuri walitoka mumoja mumoja, kwa sababu kila wimbo ulikuja kwenye makaratasi ya Kifaransa na wao hawakuweza kuyasoma. Hakuna aliyewafukuza. Wimbo ndio uliwafukuza. Na korali ikabaki ya wale waliosoma, na kanisa likabaki kimya.

8. Mahali ambapo wimbo unapimwa

Tumalize na jambo moja tuliloliona kwa macho. Katika korali moja ya hapa alikufa mubasi, baba wa watoto sita. Usiku wa kwanza korali nzima ilikwenda kwenye kilio. Watu walikaa chini katika kiwanja, moto mudogo katikati, wanawake ndani pamoja na mujane. Waimbaji walitaka kumuheshimu ndugu yao kwa wimbo mukubwa aliokuwa akiupenda. Lakini hapakuwa na mwangaza wa kusoma, na yule aliyekuwa akiwashika wabasi ndiye alikuwa ndani ya sanduku. Wakaanza, wakaacha. Wakaanza tena, wakaacha.

Kiisha kijana mumoja akaanzisha wimbo wa kawaida wa wafu, wenye neno fupi la kuitikia. Wenzake wakajibu. Majirani wakajibu, hata wale wasiokuwa wakatoliki. Na katika mara ya tatu tulisikia sauti toka ndani ya nyumba: mujane mwenyewe alikuwa akiitikia. Siku nzima hakuweza kusema neno hata moja. Lakini neno lile lilikuwa fupi, alilijua toka utoto, na watu wote walikuwa wakilibeba pamoja naye. Kwa hiyo aliweza.

Wazee wanasema kwamba mukono mumoja haufungi muzigo. Wimbo mwepesi ni kamba ndefu: kila mutu anapata pahali pa kuishika. Hatujui kazi ya korali iliyo kubwa kuliko ile: kumupa mutu neno la sala wakati amekosa la kwake. Na kazi ile haiwezekani kama neno lenyewe liko katika makaratasi ya watu 20 tu.

Ninyi wafratri, mutakapokabiziwa korali, musiwe na haya ya kuanza na wimbo mudogo. Muufundishe vizuri, muuimbe safi, muwaachie waamini sehemu yao, kiisha mupande polepole. Ninyi waongozi wa Likasi, wa mitaa yote na wa misioni za jirani, tunawashukuru kwa mangaribi yote munayoitolea Eklezya bila mushahara. Mungu anawasikia wabasi watatu na watenori wawili sawa anavyowasikia wale wa makanisa makubwa. Anaomba tu kwamba waimbe pamoja na ndugu zao.